Kitufe Kimebonyezwa, Goli Linachelewa

Ukibonyeza kitufe cha shuti na mshambuliaji akakawia kuinua mguu, lawama ya kwanza huangukia pedi, ya pili waya wa HDMI. Waya hauna kosa. Ishara huupita kwa muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mara nyingi mchelewaji ni televisheni yenyewe.

TV za kichogo hazikuwa na ugonjwa huu. Zilichora picha mstari kwa mstari, papo hapo ishara ilipoingia, bila kuiweka akiba. Nintendo waliutegemea uharaka huo kwa Zapper, bunduki ya plastiki waliyoipeleka sokoni Marekani mwaka 1985. Kwenye gemu ya Duck Hunt, ukifyatua tu, skrini nzima inakuwa nyeusi kwa kitambo kidogo mno, kisha mahali pa bata panatokea mraba mweupe. Jicho lililo ndani ya mtutu likiuona mwanga huo kwa wakati wake, bata ameanguka. Chomeka mashine ileile ya gemu kwenye TV bapa, ulenge utakavyo, bata hafi: mwanga unapotokea, gemu imekwishaacha kuusubiri.

TV bapa hushika fremu, huipanua, huondoa chenga, hunoa rangi, ndipo ionyeshe. Ghali kuliko yote kwa muda ni kulainisha mwendo, kwa sababu TV haiwezi kubuni picha ya katikati mpaka fremu inayofuata ifike. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, kila fremu huchukua takriban milisekunde 16.7. Zikikaa foleni fremu sita, milisekunde 100 zimekwenda na kipa ameshafungwa. PS2 huumia zaidi, maana gemu zake nyingi hutoa picha nusunusu, mistari ya witiri na ya shufwa kwa zamu, na TV hukaa kwanza kuziunganisha.

Tiba iliyopatikana ni kuinyima TV kazi. Modi ya gemu huzima sehemu kubwa ya mapambo hayo, na TV nzuri za sasa hushuka chini ya milisekunde 20. Kwenye baadhi ya TV, kulipatia tundu la HDMI jina la PC huleta nafuu hiyohiyo. HDMI 2.1, iliyotolewa mwaka 2017, iliongeza ALLM: mashine ya gemu huiambia TV iingie modi hiyo bila mtu kugusa rimoti. Na picha zikienda kwa 120 Hz, yaani fremu 120 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 8.3 tu.

Muuzaji akikuonyesha “1 ms” kwenye boksi, usishangilie. Hiyo ni kasi ya nukta za kioo kubadili rangi. Haisemi lolote kuhusu foleni ya fremu.

Kwa hiyo kabla hujanunua pedi mpya, fungua menyu ya picha uwashe modi ya gemu. TV nyingi huhifadhi mpangilio wa kila tundu peke yake, hivyo ukihamisha waya, uwashe tena.