Namna ya Kumpima Shujaa

Ukitoka Bukavu, ukapita Miti na kupasua msitu wa Kahuzi-Biega mpaka Bunyakiri, kisha Hombo, umekwisha kuiacha Kalehe na kuingia Walikale, nchi ya Banyanga. Huko ndiko mwaka 1956 msimulizi Shé-Kárisi Rureke alikomsimulia Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia kutoka Ubelgiji, kisa cha Mwindo. Kilichukua siku 12, Rureke akiimba na kucheza huku vijana wakigonga mti kwa vijiti. Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, wakakifasiri, kikachapwa California mwaka 1969. Banyanga ni majirani wa Batembo wa Bunyakiri, kwa hiyo sisi wa Kalehe hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo cha shujaa. Vijana wanaobishana jioni kama Superman angempiga Spider-Man wangekijua kipimo hicho, wangebishana vizuri zaidi.

Kubishana nani mwenye nguvu ni kazi bure, kwa kuwa nguvu hailipiwi. Msimulizi akisema mlima umeng'oka, basi umeng'oka. Kazi ngumu ni kuifanya nguvu imfae mtu yule na si mwingine. Kwa hiyo jaribio langu la kwanza ni kubadilisha: chukua nguvu ya shujaa mmoja umvike mwenzake, halafu sikiliza. Kisa kikienda bila kukwama, nguvu ile ilikuwa vazi tu.

Mjaribu Mwindo. Baba yake Shemwindo, mtawala wa Tubondo, ana wake saba na ametangaza kwamba anataka mabinti tu. Mtoto wa kiume akizaliwa auawe. Mke kipenzi anabeba mimba ya mvulana. Mvulana anazaliwa kwa kutokea mkononi mwa mama, akicheka, akisema na kutembea, ameshika usinga wa mkia wa nyati uitwao conga. Baba anatupa mikuki, haimpati. Anaamuru azikwe hai, usiku mtoto anatoka kaburini. Anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa kilindini, naye anasafiri na ngoma yake chini ya maji kumtafuta shangazi. Sasa tazama nguvu zake zote kwa pamoja. Anatoka alikofukiwa, anarudi alikofukuzwa, na kwa conga anawaamsha waliokufa. Mtoto ambaye baba hakutaka awepo amepewa nguvu ya kutotoweka. Mvike mabawa au macho ya moto, kisa kizima kinaanguka.

Hata majivuno yake, yanayowaudhi wasomaji wengi, yametoka humo humo. Mwindo hujitaja jina na sifa kila anapofika. Mtoto aliyekaribishwa kwa mikuki hawezi kungoja watu wengine wamtambulishe.

Mweke kando ya Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1938. Wote wawili walifungiwa ndani ya chombo wangali wachanga wakapelekwa mbali na kwao. Tofauti ni nia ya baba. Yule wa sayari ya Krypton alimtia mwanawe chomboni ili apone, yule wa Tubondo alimtia wa kwake ngomani ili afe. Mmoja akalelewa na wakulima wa Kansas, akakua mpole, anayeificha nguvu yake nyuma ya miwani. Mwingine hajifichi hata dakika moja. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi malezi yanavyoifanya nguvu ile ile ya kutodhurika izae tabia mbili zisizofanana hata kidogo.

Spider-Man wa mwaka 1962 ni kazi ya namna nyingine. Nguvu yake ilitokana na ajali: buibui alimwuma, na angeweza kumwuma yeyote aliyekuwapo. Stan Lee na Steve Ditko walilazimika kuishona nguvu hiyo kwenye tabia kwa uzi wa hatia: kijana anamwachia mwizi apite, mwizi huyo huyo anamwua mjomba aliyemlea. Mshono unaonekana, lakini umekaza. Naye pia amebaki na shangazi.

Hapo kwenye shangazi ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi nikisikiliza kisa cha shujaa yeyote: nani anamshika? Iyangura, dada wa Shemwindo, ameolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa maji. Mwindo anamfikia kwa mapigano, na anaua. Shangazi ndiye anayemsihi, naye anapunga conga na kuwafufua aliowaua. Baadaye, Mwindo anapoishambulia Tubondo na Shemwindo kukimbilia kuzimu, Mwindo anamfuata huko chini. Kabla ya kushuka, anatoa kamba, anashika ncha moja na nyingine anampa Iyangura. Kamba ikitulia, shangazi ajue kwamba amekufa.

Msimulizi dhaifu huipita kamba hiyo upesi kana kwamba ni ya kuteremkia tu. Msimulizi hodari anaishikilia. Mtoto aliyetupwa na baba, na anayejisifu kwamba hakuna wa kumweza, ameuweka uhai wake mkononi mwa mwanamke aliyesimama juu, na kwa muda wote wa kuzimu msikilizaji anapaswa kuihisi kamba ile ikicheza. Huko Mwindo anapigwa na Muisa, mtawala wa kuzimu, mpaka kuzimia, na kamba inatulia kweli. Kwetu, ambako shangazi ana kauli katika ndoa na katika matanga, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini kamba haikukabidhiwa mpiganaji. Ukisoma kitabu au kutazama filamu ambayo shujaa wake hana mtu wa kumkabidhi ncha ya pili, utaona kwamba mara nyingi hatari zake hazikutii hofu.

Fumo Liongo, shujaa wa pwani, namtaja kwa kifupi, kwa sababu wengi wanamjua. Mama anamwokoa gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, mwanawe anamwua kwa sindano ya shaba kitovuni. Udhaifu wake haukuwekwa mahali popote tu mwilini. Siri yake ingeweza kupatikana kwa mtu wa nyumbani peke yake, na mtu huyo akaiuza kwa ahadi za mtawala.

Kasoro ambayo huikatia alama nyingi ni uyatima wa bei rahisi. Waandishi wengi wa mashujaa huwaua wazazi ukurasa wa pili ili injini iwake, kisha hawawataji tena. Katika vijiji vya Kalehe, baada ya miaka ya vita na baada ya mafuriko ya Mei 2023 yaliyoua mamia ya watu Bushushu na Nyamukubi, mayatima ni watoto tunaowajua kwa majina. Hakuna aliyepata mbio wala mabawa. Batman wa mwaka 1939 namsamehe, maana nguvu yake ni kujiandaa kupita kiasi, tabia ya mtu aliyewahi kukutwa hana la kufanya wazazi wake wakianguka mbele yake. Wenziwe wengi sina la kuwasamehea.

Kisha sikiliza nguvu inapokoma. Mwindo, akiwa tayari mtawala, anamwua Kirimu, joka la msituni. Kumbe joka hilo lilichanjiana damu na Nkuba, radi, yule yule aliyemsaidia Mwindo kuiteketeza Tubondo. Nkuba anashuka na kumchukua angani. Huko anapigwa na baridi, mvua, jua na mwezi, na conga haimfai kitu. Anakatazwa asiue mnyama tena. Anaporudi, anawapa watu wake sheria, mojawapo kwamba wasimcheke mlemavu apitaye kijijini. Aliyejifungulia milango yote kwa kelele anarudi na maneno ya namna hiyo. Mahali ambapo mvua ya usiku mmoja hufuta kijiji, kisa kinachomwacha mtu aitumie radi bila kudaiwa kingesikika kama uongo. Wasimulizi wengine huikata sehemu ya angani ili waishie kwenye ushindi dhidi ya joka. Hao wamesimulia mapigano, hawajamsimulia Mwindo.

Mavazi, rangi na silaha usizipe muda mwingi. Ila mpime mhalifu kwa kipimo kile kile. Shemwindo si jitu, ni baba aliyeogopa kurithiwa, na woga huo ndio uliompa mwanawe kila alicho nacho. Mwindo anapomrudisha kutoka kuzimu hamwui. Anamketisha mbele ya watu, na baba anakiri alichofanya. Pale msimulizi anatakiwa kupunguza mwendo, amwache mzee aseme mwenyewe, tangu amri ya mabinti mpaka ngoma, huku kila aliyepo akijua kinachofuata. Akimpa maneno mawili tu na kurukia sherehe, mpunguzie alama, hata kama mikuki aliirusha vizuri.