Nakala au Ukumbusho? Picha ya Mkono katika Sebule ya Katanga

Katika uhakiki wa sanaa, neno "nakala" limezoea kubeba lawama. Picha iliyochorwa kwa mkono kwa kuigiza picha mashuhuri, ili itundikwe sebuleni, huhesabiwa kuwa pambo la mtu asiyemudu asilia. Makala haya yanakusudia kuipima hukumu hiyo kwa mfano wa uchoraji wa Katanga, jimbo ambalo hadi mwaka 2015 lilijumuisha mji wa Kalemie na mtaa wake wa Katanika, kando ya Ziwa Tanganyika.

Yafaa kuanza na hao wenye asilia. Edvard Munch wa Norwe, aliyewafungulia njia wachoraji wa mkondo wa ekspreshonisimu, yaani ule unaotanguliza hisia mbele ya sura ya nje ya kitu, hakuchora "Mayowe" mara moja. Kuna matoleo manne ya rangi, ya kati ya mwaka 1893 na 1910, pamoja na chapa ya jiwe ya mwaka 1895. Wafuasi wa mkondo huo waliounda kikundi cha Die Brücke mjini Dresden mwaka 1905, akiwamo Ernst Ludwig Kirchner, nao walijifunza kwa kutazama michongo ya Afrika na Oseania katika jumba la makumbusho la mji huo. Basi hata pale inaposifiwa upekee, sanaa hiyo ilizaliwa katika kurudia na kuazima.

Huko Katanga kurudia hakukufichwa. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mijini walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, wakawauzia majirani zao picha za aina zilizofahamika na wote. Mojawapo ni "Colonie Belge": mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa viboko, afisa Mbelgiji anatazama. Nyingine ni Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki aketiye ukingoni mwa maji. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 1976, walionyesha kuwa sifa iliyotafutwa katika picha hizo ilikuwa na jina la Kiswahili: ukumbusho. Picha njema ni ile inayomfanya mwenye nyumba na mgeni wake wakumbuke, kisha wazungumze.

Dhana hiyo si ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Fanani hashutumiwi kwa kuwa ngano yake ilikwisha kusimuliwa na bibi yake. Hadhira inaijua, na ndiyo maana inaitaka tena; ubora hupimwa katika utendaji. Vivyo hivyo, mnunuzi wa "Colonie Belge" hakudai tukio jipya. Alidai tukio analolijua lichorwe kwa mkono wenye uzito, ili babu apate pa kuanzia anapowaeleza wajukuu habari za viboko.

Tshibumba Kanda Matulu ndiye aliyeupeleka mkabala huu mbali zaidi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian takriban picha 100 za historia ya nchi yake, huku akieleza kila moja kwa Kiswahili cha Katanga. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Remembering the Present, kilitoka mwaka 1996, na humo maelezo yake yamewekwa kwa Kiingereza. Matini ya Kiswahili ilitolewa kando miaka miwili baadaye. Picha zenyewe zikaishia Amsterdam, katika Tropenmuseum. Hapa pana hasara isiyotajwa vya kutosha. Picha imehifadhiwa vizuri kuliko ambavyo ingehifadhiwa sebuleni, lakini imetengwa na mazungumzo ya nyumbani yaliyoipa kazi yake.

Hata hivyo, haifai kusifu kila nakala. Mchoraji anayerudia umbo kwa sababu tu linauzika hutoa kitu kikavu, na mchoro wa "Mayowe" unaonunuliwa kwa kuwa rangi zake zinapatana na viti hauna ukumbusho wowote. Kasoro ya mchoro huo haitokani na kuigizwa. Inatokana na ukweli kwamba hakuna mtu katika nyumba ile anayedaiwa neno lolote na picha ile.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Katanika. Mwaka 2017 mtaa huo uliwapokea watu wengi waliokimbia mapigano kati ya Watwa na Waluba. Anayekimbia usiku hubeba mtoto na sufuria. Picha ya ukutani huachwa. Ingekuwa thamani yote imo katika asilia, hasara hiyo isingekuwa na dawa. Lakini picha ya ukumbusho huweza kuchorwa tena, maadamu yupo anayeikumbuka na yupo mwenye mkono wa kuichora. Mhakiki anayeidharau nakala hana budi kujibu kwanza: je, watu waliopoteza kuta zao watakumbuka kwa kutazama nini?