Ruhusa Kabla ya Somo: Walimu wa Chai wa Kyoto Walivyoukata Mkono Vipande

Chukua leso ya mfukoni, ikunje pembetatu, kisha endelea kuikunja hewani bila kuiegemeza popote, mgongo umenyooka na wewe umekalia visigino vyako. Ikiponyoka, anza upya. Mwanafunzi mpya wa chai katika nyumba ya Urasenke, Kyoto, huanzia hapo, hata harufu ya chai hajaisikia. Kitambaa chake, fukusa, ni cha hariri, kama sentimita 27 kwa 29, hivyo mgeni hudhani ni mraba kumbe sivyo. Pande tatu zimeshonwa; wa nne ni mkunjo mtupu. Upande huo usio na mshono ndio unaouelekeza mkono pa kushika. Mwalimu akiona kitambaa kimekaa vibaya, mara nyingi hasemi neno, hukigeuza tu na kukurudishia.

Mazoezi haya huitwa wari-geiko, yaani mazoezi ya vipande. Kumwandalia mgeni bakuli la chai mbele ya macho yake kuna mfuatano wake maalumu, temae, na walimu wameukata: kukunja fukusa, kupangusa kopo la unga wa chai, kupangusa kijiko cha mwanzi, kusuuza kipigio, kukunja kitambaa cheupe cha kukaushia bakuli. Kila kipande hurudiwa peke yake mpaka mkono uache kumuuliza mwenyewe. Kisha ndipo huungwa. Vipande hivyo hivyo vitarudi katika temae nyingine zote, hata zile za juu kabisa, kwa hiyo mtu wa mwaka wa kumi ana kazi kubwa ya kupanga upya alichonacho, na kidogo tu cha kujifunza toka mwanzo.

Tazama kata, kwa mfano. Nasema kata kwa sababu ndiyo hasa: kichoteo cha maji chenye mpini mrefu, ila hiki ni cha mwanzi badala ya kifuu cha nazi. Msimu wa joto, birika likiwa juu ya jiko la kuwekwa sakafuni, kata hurudishwa mdomoni mwa birika kwa namna tatu. Ikishamimina maji moto ya kusuuzia bakuli, hulazwa kwa utulivu. Ikishamimina maji ya kupigia chai, kiganja hufunguka na vidole kunyooka, kama mshale umeachiwa. Ikishachota maji baridi, mkono huteleza juu ya mpini hadi mwishoni, kama anayevuta upinde. Walimu hutumia picha hii ya upinde makusudi, maana anayewaza mshale hawezi kuutupa mkono ovyo. Halafu ikifika Novemba jiko huondolewa, shimo la moto hufunguliwa sakafuni, na mwili ulioshika mazoea toka Mei unaambiwa ugeuke, ukae upande mwingine, upime umbali mpya. Wengi hulalamika. Mimi naona hiyo ni hila nzuri kuliko zote katika mtaala huu, kwa sababu kila miezi sita hata bingwa huwa mgeni kidogo katika chumba chake.

Watu humpa Sen no Rikyu, mwalimu maarufu wa chai wa karne ya 16, sifa za haya yote. Rikyu alikufa mwaka 1591, akijiua kwa amri ya mtawala Toyotomi Hideyoshi, na aliyoyaacha ni mengi, lakini mtambo wa kufundishia watu wengi ulikuja zaidi ya karne moja baadaye. Wakati huo chai ilikuwa imetoka mikononi mwa watawala na wafanyabiashara wachache, ikaingia kwa watu wa mjini wenye fedha waliotaka kujifunza kwa makundi. Tatizo likawa la kiufundi: chumba kimoja, birika moja, mwenyeji mmoja anayefanya, na wengine wanasinzia.

Waliolitatua ni ndugu wawili wa ukoo wa Sen, Joshinsai wa nyumba ya Omotesenke na mdogo wake Itto wa Urasenke, katikati ya karne ya 18. Waliweka mazoezi saba, shichijishiki, na maarufu kuliko yote ni kagetsu, maana yake ua na mwezi. Watu watano huketi. Kisanduku cha karatasi hupitishwa, kila mtu akachota kibao kidogo bila kuchungulia. Kimoja kina alama ya ua, kimoja mwezi, vingine namba. Mwenye ua atakwenda kupiga chai, mwenye mwezi atainywa. Vibao vinachotwa upya, na aliyekuwa akinywa sasa hivi huenda ndiye anayeinuka. Hakuna anayejua zamu yake, kwa hiyo hakuna wa kusinzia, na kila mmoja analazimika kushika kazi palepale mwenzake alipoiachia. Zoezi jingine, chakabuki, ni la kuitambua chai kwa ulimi tu. Bahati nasibu ikawa mwalimu msaidizi.

Sasa upande wa vyeti, ambao ndio uliozifanya nyumba hizi zidumu. Huku kwetu pwani, anayemaliza kusoma kitabu mbele ya shekhe hupewa ijaza, naye huweza kukifundisha kwa jina lake ndani ya silsila ya walimu. Chai ya Kyoto imepindua utaratibu huo mara mbili. Kwanza, kyojo ni ruhusa ya kuanza kujifunza hatua fulani: huipati kwa kuwa umejua, unaipata ili ufundishwe. Pili, hata mwalimu aliyekufundisha miaka 20 hawezi kuitoa. Anakuombea kwa iemoto, mkuu wa nyumba, na karatasi hutoka Kyoto kwa jina lake, kwa ada. Mwanahistoria Nishiyama Matsunosuke, aliyeuchunguza mfumo wa iemoto kwa kina, alitofautisha urithishaji kamili, ambapo mwanafunzi hupokea elimu pamoja na mamlaka ya kuirithisha, na ule usio kamili, ambapo hupokea elimu peke yake. Mamlaka yanabaki nyumbani kwa baba.

Unaweza kuuita unyonyaji, na wapo wanaouita hivyo. Ada hupanda kadiri unavyopanda, na ukoo mmoja unauza ruhusa ya kuona. Hata hivyo, baada ya 1868 tabaka la mabwana waliowalipa walimu wa chai lilipoanguka, nyumba iliyotegemea wafadhili wakubwa tu ingekufa nalo. Mtandao wa wanafunzi wadogo wadogo waliotawanyika ulikuwa tegemeo jingine. Mwaka 1872 Gengensai wa Urasenke alibuni temae ya meza na viti kwa ajili ya wageni wa maonyesho ya Kyoto. Mwaka 1875 shule ya wasichana ya Atomi ilifunguliwa Tokyo, chai ikiwa miongoni mwa masomo. Wari-geiko iliingia darasani bila kubadilishwa sana, maana ilikwishakatwa vipande vinavyotosha kipindi kimoja. Leo wanafunzi walio wengi ni wanawake.

Hatua za juu hazichapishwi. Vitabu vya Urasenke hueleza temae za mwanzo kwa picha, hatua kwa hatua, kisha hunyamaza kuhusu zile za juu. Yanayofuata ni ya mdomo na jicho, na kuandika wakati wa somo hakuruhusiwi. Kwa hiyo somo likiisha, mwanafunzi huinama, hushukuru, huvaa viatu, kisha kwenye kiti cha treni hutoa daftari na kuandika upesi kabla mkono haujasahau. Mwalimu anajua. Naye analo daftari la namna hiyo kabatini.