Mshika Daftari wa Uani

Ukishuka daladala Sakina, Arusha, ukaiacha barabara ya Namanga na kufuata vichochoro vinavyopanda kuelekea mlimani, utazikuta nyumba za aina moja zikirudiarudia: ukuta, geti la chuma, uani wa saruji, na milango sita au minane inayotazamana. Katikati kumetandwa kamba za nguo. Pembeni kuna simtanki juu ya mnara wa vyuma, na chini yake koki moja yenye ndoo tatu zinazosubiri zamu. Karibu na mita ya umeme umepigiliwa msumari, na kwenye msumari huo linaning'inia daftari, na kalamu imefungwa kwa uzi.

Anayelijaza daftari hilo ndiye anayesifiwa hapa.

Wapangaji humwita msimamizi. Mara nyingi ni mama aliyepanga siku nyingi, akakabidhiwa funguo na mwenye nyumba anayeishi mbali. Pengine ni mzee wa chumba cha mbele, au kijana aliyepunguziwa kodi ili aangalie geti na pampu. Hana barua ya ajira wala cheo. Lakini ukihesabu anayoyafanya kuanzia alfajiri mpaka geti lifungwe usiku, utakuta ni kazi ileile ambayo vyuo vikuu vya Marekani huiandikia mkataba. Huko, katika mitaa ya nyumba za wanafunzi wenye familia, chuo huchagua mkazi mmoja aishi miongoni mwa wenzake, kisha humlipa kwa kumpa nafuu ya kodi. Yeye huwapokea wageni, humfungulia mlango aliyejifungia nje, husuluhisha kelele, hujua mtoto wa nani anaumwa. Mtaa wa aina hiyo unaojulikana sana ni Eagle Heights wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, kando ya Ziwa Mendota, ulioanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Familia kutoka mabara yote zimelea watoto pale na kulima bustani zao bega kwa bega.

Sakina haina mtaa wa chuo. Ina uani.

Kinachoifanya kazi hii iwe kubwa ni Arusha yenyewe, mji ambao kwa miaka mingi umepokea watu wanaokuja kwa muda maalumu wakiwa na mizigo na watoto. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilileta majaji, wakalimani, madereva na makarani mpaka ilipofunga kazi zake mwishoni mwa mwaka 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao makuu yake hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu vilevile. Huko Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambayo hufundisha uzamili na uzamivu. Mwanafunzi wa ngazi hiyo si kijana aliyetoka kidato cha sita akiwa na begi moja. Ni mtu mzima, mara nyingi ana mke au mume, ana mtoto wa kupeleka kliniki na mwingine wa kutafutiwa shule. Barabara ya njia nne ya kilomita 14.1 kutoka Sakina hadi Tengeru imemrahisishia kulala upande mmoja wa jiji na kusoma upande wa pili.

Vyuo vyetu kwa sehemu kubwa vimejengwa kwa kumfikiria kijana asiye na familia. Mwezi Aprili 2017 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalizinduliwa mabweni 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, na lilikuwa jambo la kushukuriwa. Lakini nafasi ile ni kitanda. Mwanafunzi mwenye mtoto wa miezi minane anahitaji chumba, jiko, mahali pa kuanika nepi na jirani wa kumwachia mtoto kwa dakika kumi. Hivyo anakwenda kupanga mtaani, na ulezi ambao chuo kingeufanya unamwangukia mshika daftari.

Tulifungue basi daftari lenyewe, maana humo ndimo ufundi unapoonekana.

Ukurasa wa kwanza ni wa LUKU. Mita ni moja, milango ni mingi, na hakuna kinachovunja ujirani upesi kama umeme uliokatika saa mbili usiku huku kila mmoja akiamini kwamba yeye alishachangia. Msimamizi hagawanyi kwa milango, kwa sababu anajua si haki. Utaratibu mmoja unaotumika ni wa mafungu: taa na chaji ya simu ni fungu moja, friji ni mafungu mawili, pasi na televisheni vinakadiriwa kwa makubaliano. Tuseme nyumba imenunua umeme wa Sh. 60,000 na mafungu ni 12. Kila fungu ni Sh. 5,000. Mwanafunzi mwenye taa na kompyuta yake atatoa 5,000, na familia yenye taa na friji itatoa 15,000. Hesabu ni nyepesi. Kazi iko katika kumweleza mwenye friji mbele ya wenzake bila kumwaibisha, na katika kujua kwamba mwezi huu friji hiyo imehifadhi maziwa ya mtoto wa jirani, kwa hiyo fungu moja kati ya yale mawili ligawanywe.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wengi hawalijui mpaka msimamizi awaeleze. Mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anauziwa umeme kwa bei nafuu ya Sh. 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Familia sita zikitumia mita moja zinavuka kiwango hicho mapema, na zote kwa pamoja zinalipa bei ya juu, hata yule mwenye balbu moja. Halafu kuna kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU: Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida mwanzoni, kisha Sh. 1,500 kuanzia 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme anaikuta imeshakatwa kwenye fedha yake. Msimamizi hodari ana safu yake pembeni ya ukurasa: kila mwezi anaandika kiasi kilichokatwa, na siku ya kulipa pango anaipeleka hesabu kwa mwenye nyumba ili kiasi hicho kipunguzwe. Ni fedha kidogo. Lakini mtu anayeandika Sh. 1,500 za wengine kila mwezi kwa mwaka mzima, bila kuombwa, anawaambia wapangaji wake kitu kuhusu namna watakavyotendewa katika mambo makubwa.

Ukurasa wa pili ni wa maji, na hapa mlima wenyewe unaingia. Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni volkano, na maji mengi yanayopita katika miamba yake yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya ukanda huu vimekuwa juu ya hapo. Ndiyo sababu ya meno ya kahawia ambayo wageni huyaona wakashangaa. Familia iliyotoka Mwanza au Kampala, yenye mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, inapaswa kuambiwa siku ya kwanza, si mwezi wa sita. Mama anayeshika daftari huwapeleka kwenye koki na kuwaonyesha: haya ni ya kufulia na kuoga, ya kunywa na ya uji wa mtoto mtachota pale au mtanunua. Halafu anaongeza lile ambalo watu wengi hukosea: kuchemsha kunaua vijidudu, floridi inabaki palepale. Tena atawaonya kuhusu magadi ya kulainishia makande, kwa kuwa nayo ina floridi. Wataalamu wamelishughulikia jambo hili miaka mingi. Kituo cha Ngurdoto kimetafiti uchujaji kwa mkaa wa mifupa, na mwaka 2015 Askwar Hilonga wa taasisi ya Tengeru alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kwa chujio lake la maji. Lakini utafiti haufiki kwenye kikombe cha mtoto mpaka mtu fulani, asubuhi fulani, amshike mgeni mkono na kumwonyesha koki.

Kuna mambo yasiyoandikwa daftarini kabisa. Hapo ndipo msimamizi wa kawaida anapoachana na fundi.

Chukua usiku wa Juni, baridi ya Arusha imeshuka, na ukuta kati ya vyumba ni tofali moja. Upande mmoja mtoto analia kwa saa nzima. Upande wa pili kuna mwanafunzi ambaye tasnifu yake inatakiwa kesho. Anafungua mlango kwa kishindo, anaufunga, anaufungua tena, na kila kishindo ni ujumbe. Msimamizi amesikia vyote viwili. Akienda kwa mwenye mtoto akasema kuna mtu analalamika, amepanda uadui utakaodumu mwaka mzima. Kwa hiyo anajifunga kanga, anachukua chupa ya chai, anasimama mlangoni pa mwenye mtoto na kubisha polepole.

“Hodi. Dada, poleni na usiku. Mtoto amepandwa na joto?”

“Karibu, mama. Shikamoo. Hata sielewi, anakataa kunyonya.”

“Marahaba. Hebu nimshike kidogo, wewe unywe chai.”

Anamshika. Anamgusa paji la uso, anatazama masikio, anauliza lini alichomwa sindano ya kliniki. Ikiwa ni homa kali, anajua nani mwenye bajaji anayeamka usiku, na anajua njia ya kwenda hospitali ya Mount Meru na ya kwenda ile ya Selian kule Ngaramtoni. Ikiwa ni uchovu wa mama tu, atambeba mtoto mpaka alale. Kisha, akirudi chumbani kwake, anapita mlango wa pili na kusema kwa sauti ya chini: “Mwanangu, mtoto alikuwa mgonjwa, sasa amelala. Andika.” Hakuna aliyeshtakiwa. Asubuhi mwenye tasnifu ndiye atakayemuuliza mama mtoto hali ya mgonjwa.

Hodi ile ndiyo shule nzima ya kazi hii. Kwa desturi zetu mtu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka. Msimamizi mzuri anaifuata desturi hiyo hata akiwa na funguo za akiba mfukoni. Anajua mlango wa kubisha leo na mlango wa kuacha. Wanandoa waliogombana jioni hawahitaji mgeni usiku huohuo. Wanahitaji mtu atakayewachukua watoto kwenda kununua mandazi asubuhi. Lakini panapokuwa na kipigo, hasubiri hodi ya tatu. Anaita majirani na kumtafuta mwenyekiti wa mtaa.

Huyu mwenyekiti, na mjumbe wa nyumba kumi aliyemtangulia, ndio ukoo wa kazi yenyewe. Chama cha TANU kilipoanzisha mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya mwanzo ya uhuru, kila shina likawa na balozi wake, na neno hilo lilichaguliwa vizuri: mtu anayeziwakilisha nyumba zake mbele ya wengine. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, balozi akabaki kuwa kiongozi wa chama, na shughuli za serikali zikabaki kwa mwenyekiti na mtendaji. Kenya nayo iliuiga mpango huo kwa jina hilohilo la Nyumba Kumi baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, ila huko mkazo ulikuwa usalama: nani mgeni, nani anaingia. Mshika daftari wa uani anaulizia vilevile nani mgeni, lakini kwa sababu nyingine. Anataka kujua atahitaji nini. Mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo anahitaji sahihi ya serikali ya mtaa, anayetafuta kitambulisho cha NIDA anahitaji muhuri, na mwenyekiti hawezi kumtambua mtu asiyemjua. Msimamizi ndiye anayemsindikiza na kusema, huyu ni wetu, anakaa kwetu.

Kazi hii ilipwe, na iandikwe. Chuo chenye wanafunzi wanaopanga Sakina, Njiro au Usa River kingeweza kuwajua wasimamizi wao, kuwaita mara moja kwa muhula, kuwafundisha huduma ya kwanza, kuwapa namba ya simu ya mshauri wa wanafunzi inayopokelewa usiku. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ghorofa moja la bweni. Na mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita mbele angeweza kuona kwamba wapangaji hawahami kwake kwa sababu ya mtu mmoja, akamlipa mtu huyo kwa haki badala ya kumwachia chumba kidogo cha karibu na choo.

Mwisho wa mwaka wa masomo mlango mmoja hufunguliwa mapema. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba, sufuria zimeingia kwenye ndoo, na mtoto aliyefika akiwa amebebwa mgongoni sasa anakimbia peke yake kati ya kamba za nguo, akiwaaga watu kwa majina. Baba yake anarudisha funguo mbili. Msimamizi analishusha daftari msumarini, anasoma mita, anamhesabia mgao wake wa uniti zilizobaki na kumrudishia Sh. 3,200. Baba anasema aziache tu. Mama anakataa, anamwekea mkononi na kumwandikia mbele ya macho yake. Kisha anachora mstari chini ya jina lao, anaacha nafasi ya vidole viwili, na kwenda kuosha ndoo ya tatu pale kwenye koki, kwa kuwa wapangaji wapya wamesema watafika na basi la jioni.