Chuchumaa Uitazame Ndubi

Kuna hoteli moja huku Moshono, Arusha, iliyoweka ngalawa bustanini, katikati ya migomba, na kila anayepita anapiga nayo picha. Juzi, kwenye sherehe ya ubarikio iliyofanyika hapo, nilimsikia mtu mzima, msomi, akiwaambia wenzake kuwa hiyo ndiyo kazi ya fundi hasa. Nikanyamaza kwa heshima ya wenye shughuli. Lakini kile chombo ni hori la ng'ombe lililopakwa vanishi, kisha likafungiwa mabomba mawili ya maji, moja kushoto na moja kulia, ati ndubi, zile mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke. Mabomba! Tuko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, sawa, lakini hilo si ruhusa ya kusifu chochote chenye tanga.

Basi nieleze ngalawa inavyotazamwa, maana naona wengi mkishuka Tanga au Unguja mnarudi na sifa za ajabu.

Mgeni wa mambo huanza na tumbo. Anagonga mtumbwi kwa kidole, anapapasa ubavu, anauliza kama ni mwembe. Ndiyo, kwa kawaida ni mwembe: gogo nene, tezo inaliingia bila ugomvi. Cha kuuliza ni lini ulikatwa. Mti mbichi ukipigwa na jua hupasuka, na wauzaji wanaijua dawa yake. Nilimwona mmoja Tanga akiilaza ngalawa ndani ya maji usiku kucha ili nyufa zifumbe, asubuhi akaipaka sifa, yale mafuta ya papa, ikang'aa, na kabla ya adhuhuri ikapata mwenyewe. Harufu ya sifa ikikupokea mbali kabla hujafika, geuka urudi. Kuhusu mtumbwi hayo yanatosha.

Kazi iko kwenye ndubi. Nenda nyuma ya ngalawa, hatua kadhaa, uchuchumae mpaka jicho liwe sawa na ubao, ufumbe la pili. Utaona kitu ambacho mpiga picha hakioni maisha yake yote: ubao haukulala chali wala haukusimama wima. Umeinamishwa. Na ncha yake ya mbele imenyanyuka kuliko ya nyuma, kidogo sana, kiasi ambacho ukiitazama kutoka ubavuni utasema fundi alikosea. Hakukosea. Hapo ndipo alipomaliza akili yake yote.

Maana ndubi haikuwekwa ielee. Hilo ndilo mabomba yale ya hotelini hayajui. Bomba, au gogo la mviringo, likisukumwa chini linabeba kwa wepesi wake tu, na linakokota maji njia nzima. Ubao ulioinamishwa unabebwa na mwendo. Upepo ukilaza chombo, ndubi ya upande wa demani, ule uendako upepo, inayagusa maji, inayasukuma chini, nayo maji yanaunyanyua ubao. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kunyanyua inakuwa mara 4. Kwa hiyo upepo uleule unaotaka kukupindua ndio unaokuinua. Ukizidisha kuinua ncha, ubao unajikinga mbele na kula mwendo. Ukiishusha, siku ya wimbi inachoma majini na ngalawa inazunguka hapohapo kama imekamatwa mkia. Kati ya makosa hayo mawili pana upana wa kidole, na hakuna kipimo cha karatasi.

Mzee mmoja wa Nungwi, fundi wa zamani, alikuwa hakubali kupaka rangi kabla ya kufungua na kufunga upya ndubi zake, leo, kesho, keshokutwa, kila mara akiingia na ngalawa majini. Mwenye mali anachemka ufukweni, yeye anachonga ukingo wa nyuma kwa tezo, unyoya mmoja, anarudi tena. Sikumsikia akieleza sababu. Alikuwa anasikiliza. Ndubi nzuri ikishika kasi inatandaza maji membamba kama shuka na inatoa mlio mkavu. Mbaya inakoroma na kurusha povu, na watalii wanapiga makofi kwa lile povu.

Kisha wapo wajanja. Mjini Dar es Salaam nilionyeshwa ngalawa yenye ndubi zilizochongwa vizuri kabisa, ila zimepigiliwa misumari kwenye matengo, ile miti ya kukingama inayoziunganisha na mtumbwi. Wanunuzi walikuwa wakizishika na kuzitikisa: “Imekaza hii!” Ndiyo ilikuwa kasoro yake. Matengo hufungwa kwa kamba ili kila kiungo kicheze, wimbi likija chombo kijinyonge kidogo na kuliacha lipite. Msumari haukubali, unaliwa na kutu na kupasua mti. Zamani kamba ilikuwa ya makumbi, ikilowa inakaza yenyewe. Sasa ni nailoni, inateleza. Mniambie ni nafuu, nitakubali. Mniambie ni sawa, sikubali.

Mpwa wangu hapa nyumbani ana simu iliyojaa video za vijana wa Paje wanaopanda mbao zenye bawa chini ya maji, nazo hubebwa na mwendo kama ndubi. Ananionyesha mmoja: “Mjomba, ona anavyopaa!” Nikamwambia huyo ndiye wa kuanguka. Amepanda juu mno, bawa limekaribia uso wa maji, likivuta hewa tu mbebo unakatika na yeye anashuka na uso. Mwenye kujua anakaa katikati ya mlingoti ule wa chini, uzito mguu wa mbele, macho mbali, na kwa mtazamaji anaonekana hafanyi lolote. Hata kuchagua ni kulekule: anayejifunza kupaa kwa mawimbi anunue bawa pana linaloinuka kwa mwendo mdogo, ila mpwa wangu anataka jembamba la mabingwa. Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, chombo chake HD-4 kilikimbia zaidi ya km 110 kwa saa huko Kanada mwaka 1919, kikiwa juu ya mabawa ya namna hiyo. Wazungu wakashangaa. Wavuvi wetu walikuwa wanaegemea ubao uleule wa hesabu ileile wakienda kutafuta changu. James Hornell, aliyechunguza vyombo vya majini kwa miaka mingi, aliziweka ngalawa zetu katika ukoo mmoja na vyombo vya Indonesia, na mimi nadhani hata huko ukimpa fundi ndubi ya Nungwi atachuchumaa kwanza.

Tanga nalisema kwa ufupi. La kitambaa cha marekani, la pembe tatu, lililoshonwa kwa mkono. Yale ya viroba yanapiga kelele na hayana tumbo. Nahodha mtazame mkono ulioshika demani, kamba ya tanga: mzuri anailegeza kabla upepo mkali haujafika, amekwisha kuuona majini kwa weusi wake, wala hamkemei baharia aliyekaa juu ya tengo goshini, upande utokako upepo, kwa kuwa yule naye ameshasogea. Nahodha anayepayuka hajui kazi. Rangi iwe nyeupe na mstari mmoja, basi. Ngalawa yenye macho, maua na jina la mchezaji mpira sijapata kuiona ikienda vizuri.

Nenda kununua wakati wa kusi, Julai kwa mfano, saa za mchana. Siku za upepo mwanana kila ngalawa ni nzuri. Omba uingie nayo mwenyewe majini, ukae nyuma, uitazame ndubi ya demani tangu inapogusa maji mpaka mnapopiga bisho kurudi. Muuzaji akikwambia leo upepo mkali mno kwa majaribio, mshukuru, ukatafute basi la Arusha.