Neno "Skribar" na Neno "Kuandika"

Mwaka 1907 wataalamu walikutana mjini Paris wachague lugha moja ya kuwasaidia watu wa mataifa yote kuelewana. Katika kazi yao ilitoka lugha iitwayo Ido, iliyotengenezwa kutokana na Kiesperanto. Leo twapenda kupima kitenzi chake kimoja, "skribar", maana yake kuandika.

Asili yake ni Kilatini, "scribere", na maana yake ya kale ni kukwaruza, kwa kuwa watu wa zamani waliandika kwa ncha kali juu ya nta au jiwe. Watungaji wa Ido walikuwa na kanuni: shina lililo bora ni lile linalojulikana na watu wengi zaidi. Wakaangalia lugha sita: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia, Kihispania na Kirusi. Mjerumani husema "schreiben", Mwitalia "scrivere", Mhispania "escribir". Basi "skribar" si neno geni kwao.

Kanuni hiyo ni njema, ila hesabu yake ina kasoro. Lugha iliyokusudiwa kwa ulimwengu mzima ilipimwa kwa vinywa vya Ulaya peke yake. Litamke neno hilo kwetu Kasingirima, hapa Ujiji: nani atalitambua? Bali sema "kuandika", na Mwunguja ataelewa. Muha na Mrundi husema "kwandika", Mganda "okuwandiika". Wako wadhanio kwamba kila neno la elimu tumelikopa kwa Waarabu. Kitabu na katibu ni kweli yametoka kwao, lakini kuandika ni letu. Tena Waswahili husema kuandika meza, yaani kupanga vyombo na chakula kwa taratibu. Mlatini alikwaruza, sisi twapanga.

Walakini, ndugu wasomaji, tusitazame kibanzi jichoni mwa wenzetu tukaisahau boriti yetu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, kwa sababu zake njema. Lakini je, sisi tunapohitaji neno jipya, twamwuliza mvuvi wa Ziwa Tanganyika analo neno gani? Au twamsahihisha tu, na kumcheka? Kanuni ya Ido yatufaa, ila tuitangulizie swali moja: kabla ya kuhesabu vinywa, ni nani ambaye hakuitwa aseme?