Treni Iliyosimama Kwenye Picha

Nilikuwa barazani kwa bibi, Uroa. Maji yameshatoka, wanawake wako kule mbali kwenye mwani, na mimi namwonyesha picha zangu za treni ya umeme. Nilizipiga karibu na Soga, kwenye reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Nilianza na ile ninayojivunia: kila dirisha liko wazi, hata herufi za ubavuni unazisoma.

"Hili linakwenda au limesimama?" akauliza.

"Linakwenda, bibi. Linafika kilomita 160 kwa saa."

"Mbona basi halendi?"

Nikakosa jibu. Miaka yote hii nahakiki picha za watu, na swali hilo sijawahi kuliuliza.

Treni si ngeni Unguja. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilifungua reli ya kama kilomita 11 kutoka Mji Mkongwe hadi Bububu. Siku hizi imebaki kwenye kadi za posta: garimoshi ndani ya njia nyembamba, ukuta huku na ukuta huku. Nazipenda kadi hizo, lakini nyingi nilizoziona zina ugonjwa wa picha yangu. Zinatuonyesha chombo, mwendo hazituonyeshi. Baba yake bibi aliipanda treni ile utotoni, na alichomsimulia bintiye ni mtikisiko na kelele. Umbo lake wala hakulitaja.

Mtu atasema picha kali ndiyo yenye ukweli. Kweli, mwaka 1878 Eadweard Muybridge aligandisha mbio za farasi, tukaona miguu yote minne iko hewani. Aliyemlipa, Leland Stanford, alikuwa tajiri wa reli. Lakini farasi ukimgandisha, miguu inabaki kukwambia kwamba anakimbia. Treni haina miguu. Igandishe, inakuwa treni iliyoegeshwa.

Hesabu ni rahisi. Kwa kasi ile, kamera ikifungua jicho kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, treni inasogea sentimita nne na kidogo tu. Ukiliacha wazi kwa sehemu moja ya thelathini, inapita karibu mita moja na nusu, na mita hiyo ndiyo inayochora ule ukungu tunaouita kosa.

Nilikuwa na picha ya namna hiyo, nusura niifute. Treni imekuwa mfuo mrefu mweupe, na mbele yake mama mmoja amesimama na ndoo, ametulia, khanga tu ndiyo inayopepea. Bibi akanishika mkono nisiipitishe.

"Ehe. Hili sasa linakwenda. Na huyu linamwacha."

Mimi nilikuwa nimeona treni imeharibika. Yeye alimwona mtu aliyeachwa.

Ile kali ilishachapishwa gazetini, na wahariri waliisifu. Hii yenye ukungu nimeisafisha, iko ukutani Uroa.